Tajriba ya kifumbo mbele ya akili: misimamo minne na namna ya kuchagua

Mwanahisabati Mfaransa Blaise Pascal alipofariki mwaka 1662, mtumishi wake alihisi unene usio wa kawaida ndani ya bitana ya koti lake. Alipofumua uzi alikuta kipande cha ngozi kilichokunjwa na, pamoja nacho, karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Pascal mwenyewe. Ilikuwa na tarehe, 23 Novemba 1654, na muda: tangu yapata saa nne na nusu usiku hadi yapata saa sita na nusu. Chini yake neno moja lilisimama peke yake katika mstari: "Moto". Kisha yalifuata maneno yaliyokatikakatika, kwamba ni Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, Mungu wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wasomi. Kisha yakini, yakini, hisia, furaha, amani. Aliyeandika hayo alikuwa na umri wa miaka 31, na katika kiangazi cha mwaka huohuo alikuwa akiandikiana barua na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat juu ya namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, barua ambazo huhesabiwa kuwa chimbuko la hisabati ya uwezekano.

Ninaanza na karatasi hiyo kwa sababu inalifunga mapema jibu ambalo wengi hulikimbilia, kwamba mambo ya namna hii huwapata wasiojua kufikiri. Pascal alijua kupima uwezekano wa jambo kuliko karibu kila mtu wa zama zake, na bado aliandika neno "yakini" mara mbili. Je, akili ilimruhusu kuliandika? Na sisi tunaosoma habari zake karne kadhaa baadaye, je, tuna wajibu wowote wa kumfuata, au angalau ruhusa ya kufanya hivyo? Hayo ni maswali mawili tofauti, na naamini kwamba anayeyachanganya hawezi kuchagua vizuri kati ya misimamo iliyopo.

Kinachopimwa ni nini

Tajriba ya kifumbo ni ile hali ambayo mtu huhisi kwamba amekutana na Mungu pasipo pazia, au amezama katika umoja wa vitu vyote, au amefunuliwa ukweli usiopitia maneno. Hali hiyo humjia mtu kama maumivu au usingizi unavyomjia. Haitokani na hoja, na kwa hiyo yenyewe haiwezi kuitwa ya kiakili wala ya kipumbavu. Kinachopimwa ni imani ambayo mtu huijenga juu yake baada ya hali hiyo kupita. Tena, imani yenye urazini, yaani ile iliyosimama juu ya sababu za kuridhisha, si lazima iwe imani ya kweli. Mtu wa kale aliyeamini kwamba jua linaizunguka dunia alikuwa na sababu nzuri, kwa maana kila asubuhi macho yake yalimthibitishia hivyo. Alikosea, lakini hakufanya upuuzi. Swali letu ni la aina hiyo. Haliulizi kama Mungu yupo, bali kama mtu aliyepatwa na tajriba hiyo anaweza kuitegemea bila kuisaliti akili yake.

William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Kimarekani ambaye mihadhara yake ya Edinburgh ilichapishwa mwaka 1902, aliitambua tajriba hii kwa alama nne: haielezeki kwa maneno, humwachia mtu hisia kwamba amejua jambo, haidumu muda mrefu, na mtu huipokea bila kuitawala. Ugomvi wote unatokana na alama ya pili. Furaha isiyodai chochote haihitaji wakili; furaha inayosema "nimejua" ndiyo inayopaswa kujibu maswali.

Anayedai ushahidi na anayeyaamini macho yake

Misimamo miwili ya kwanza inafaa kuwekwa ubavu kwa ubavu, kwa sababu kila mmoja una nguvu palepale ambapo mwenzake una udhaifu.

Wa kwanza ni msimamo wa ushahidi. William Clifford, mwanahisabati wa Kiingereza, aliandika mwaka 1877 kwamba ni kosa daima, kila mahali na kwa mtu yeyote, kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha. Kwa wanaomfuata, tajriba ya ndani haitoshi kuwa ushahidi kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kuikagua. Mwanafalsafa Bertrand Russell alilisema jambo hilo kwa ukali zaidi mwaka 1935: kwa mtazamo wa sayansi, hatuwezi kumtofautisha anayekula kidogo akaiona mbingu na anayekunywa sana akaona nyoka, maana wote wawili miili yao imo katika hali isiyo ya kawaida, na hali isiyo ya kawaida huzaa maono yasiyo ya kawaida. Faida ya msimamo huu ni kubwa na haifai kudharauliwa. Unamkinga mtu na matapeli, unamkinga na nafsi yake mwenyewe, na unamtendea kila mdai kwa kanuni moja, awe wa dini yangu au wa dini ya mwenzangu.

Wa pili ni msimamo wa utambuzi. Mwanafalsafa Richard Swinburne aliuweka mwaka 1979 katika kanuni ya kusadiki: mtu anapoona kwamba kitu fulani kipo mbele yake, basi huenda kipo, mpaka itokee sababu mahususi ya kutilia shaka. Alizitaja sababu hizo kuwa nne. Huenda mtu huyo, au hali aliyokuwamo, imezoeleka kupotosha. Huenda madai ya aina hiyo yamekwisha kuonekana kuwa ya uongo. Huenda kuna ushahidi mzito kwamba kitu hicho hakikuwapo. Au huenda kilikuwapo lakini si chenyewe kilichosababisha aone alichoona. Mwanafalsafa mwingine, William Alston, aliisogeza hoja mbele mwaka 1991 kwa kuuliza swali ambalo wafuasi wa Clifford hawajalijibu kwa namna inayoniridhisha: una ushahidi gani kwamba macho na masikio yako yanakuambia kweli, ambao haukupitia macho na masikio hayohayo? Kila jaribio la kuyathibitisha macho huishia kwa kutazama tena. Kumbukumbu nayo ina shida hiyohiyo. Ikiwa tutaitupa kila njia ya kujua isiyoweza kujithibitisha kwa kitu kilicho nje yake, hatutabaki na chochote, hata maabara ambayo Russell aliitumainia. Kwa hiyo, asema Alston, desturi iliyokita mizizi ya kutambua mambo, iliyo na njia zake za kujisahihisha, ina haki ya kuaminiwa mpaka ithibitike kuwa na kasoro.

Kwa maoni yangu Alston na Swinburne wanashinda kuhusu mahali pa kuanzia. Shaka nayo inahitaji sababu, na kumwambia mtu "usiamini ulichokiona mpaka ukithibitishe kwa njia nyingine" ni kumtoza kodi ambayo sisi wengine hatuilipi tunapofungua macho asubuhi. Lakini kushinda mahali pa kuanzia si kushinda mwisho wa safari. Mtu akisema gizani kwamba amemwona mbwa, tunaleta taa. Anayesema amemwona Mungu, tumletee taa gani?

Hapa ndipo wapinzani husema kwamba taa hakuna, na hapa ndipo nadhani wanasema zaidi ya wanavyojua. Teresa wa Avila, mtawa wa Kihispania ambaye mwenyewe alipata tajriba nyingi za aina hii, aliandika mwaka 1577 juu ya mtawa aliyekaa saa nane katika hali iliyofanana na unyakuo. Hakuwa amezimia, wala hakuhisi chochote kutoka kwa Mungu. Teresa hakustaajabu wala hakutangaza muujiza. Alieleza kwamba mwili dhaifu ukichoshwa na mafungo, toba kali na kukesha hulegea, na mwenye mwili akadhani roho imenyakuliwa. Kwa Kihispania aliuchezea mfanano wa maneno mawili, akaiita hali hiyo upumbazi badala ya unyakuo. Dawa aliyoandikiwa mtawa yule ilikuwa kula, kulala na kupunguza toba, na hali yenyewe ikaisha. Tazama jambo hilo kwa karibu: mwanamke wa karne ya 16, ndani ya nyumba ya watawa, anatumia kigezo kilekile ambacho Russell aliona kinaiangusha dini nzima, naye anakitumia kuchuja. Aliyekula kidogo akaona mbingu huchunguzwa kwanza kwa sahani ya chakula. Taa ipo, ingawa mwanga wake ni hafifu kuliko ule wa maabara.

Hoja ya kinyume ilitolewa na mwanafalsafa C. D. Broad, nami naiona ya haki: huenda mtu hahitaji kuwa mzima kabisa ili aone kila kilichopo, kama vile chumba kilichofungwa pande zote hakipitishi nuru mpaka ukuta upate ufa. Hali isiyo ya kawaida inaweza kupotosha, na inaweza pia kufungua. Kutoka kwenye udhaifu wa mwili peke yake hatuwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Hakimu aliye juu ya akili

Msimamo wa tatu unakataa kukaa kizimbani. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyeanza kufundisha Baghdad mwaka 1091 na kuiacha kazi hiyo mwaka 1095 baada ya ulimi wake kugoma kutamka neno darasani, alieleza jinsi alivyopita kwanza katika shaka nzito. Macho, alisema, huiona nyota kuwa na ukubwa wa dinari, kisha hesabu za kijiometri zinaonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Macho hukiona kivuli kimetulia, kisha saa moja baadaye tunajua kilikuwa kikisogea. Macho yalikuwa hakimu, akaja hakimu mwingine, yaani akili, akatengua hukumu yake. Basi nani ameiambia akili kwamba hakuna hakimu wa tatu ambaye akijitokeza ataitengua hukumu yake kama yeye alivyoitengua ya macho? Ghazali alikaa karibu miezi miwili katika hali hiyo, na anasema hakutolewa kwa hoja wala kwa mpangilio wa maneno, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Baadaye, alipoigeukia njia ya masufi, aliitofautisha elimu na dhauki, yaani kuonja. Tabibu mgonjwa anaijua afya kwa maelezo yake yote, lakini hana afya. Mlevi hajui maelezo ya ulevi, lakini amelewa. Waswahili tunalijua jambo hilo kwa njia nyingine tunaposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuna maarifa ambayo hayapatikani mpaka mtu alale pale, na anayeyakana kwa sababu tu yeye hajalala hapo anajipa mamlaka asiyokuwa nayo.

Naiheshimu sana hoja ya hakimu wa tatu, na bado naona ufa ndani yake. Akili ilipoyasahihisha macho kuhusu nyota, ilionyesha kazi yake: mtu mwingine anaweza kufuata hesabu hatua kwa hatua na kufika palepale, na hata macho yenyewe, yakipewa vyombo, yanakubali. Hakimu mpya akitaka kuitengua hukumu ya akili, ni haki aonyeshe kazi yake kwa namna ambayo akili inaweza angalau kuifuata kwa mbali. Asipoweza, hatuna njia ya kumtofautisha na hakimu bandia. Mfano wa kuonja unathibitisha kwamba ladha hujulikana kwa ulimi. Hauthibitishi kwamba mwonjaji hawezi kukosea kuhusu chakula kimetoka wapi. Mtu anajua hakika kwamba alipata amani isiyo na kifani. Kwamba amani hiyo ilitoka kwa muumba wa mbingu na nchi ni hukumu ya pili, na hiyo inahitaji msaada.

Matunda

Msimamo wa nne, wa James mwenyewe, huangalia kilichofuata: mtu alipotoka katika hali hiyo, alikuwa mkarimu zaidi, mtulivu zaidi, mkweli zaidi? Hiki ni kigezo kinachotumika katika dini nyingi na ni rahisi kukitumia. Kasoro yake inajulikana: imani ya uongo nayo inaweza kumtuliza mtu. James hakuwa mjinga wa jambo hilo, na kwa hiyo hakuyaweka matunda peke yake, bali aliyaweka pamoja na nuru ambayo tajriba yenyewe inabeba na upatanifu wake na mambo mengine tunayoyajua. Kama kigezo kimoja kati ya vitatu, matunda yana uzito. Yakiachwa peke yake yanatuambia zaidi juu ya thamani ya tajriba kuliko juu ya ukweli wake.

Ubongo ukielezwa, kuna kinachobaki?

Mwaka 1962, siku ya Ijumaa Kuu, mtafiti Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa la Chuo Kikuu cha Boston. Nusu yao walipewa psilosaibini, dutu inayopatikana katika aina fulani za uyoga, na nusu nyingine wakapewa dawa isiyo na nguvu hiyo, na wengi wa kundi la kwanza walipata hali zilizofanana sana na zile ambazo wafumbo wamezieleza. Mwaka 2006 kundi la Roland Griffiths katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilichapisha utafiti uliofanywa kwa uangalifu zaidi kwa watu 36, na theluthi mbili yao waliihesabu tajriba waliyoipata kuwa miongoni mwa mambo matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao.

Wengi hudhani kwamba hapo kesi imekwisha. Haijaisha, na sababu yake inahitaji uangalifu. Kila tunachokiona hupitia ubongo, pamoja na mti ulio mbele yetu, na hakuna anayesema kwamba mti haupo kwa kuwa ameonyeshwa sehemu ya ubongo inayouona. Kueleza njia ambayo habari imepitia si kukanusha mtumaji. Lakini wapinzani wana hoja bora kuliko hiyo, na watetezi wa dini mara nyingi huikwepa: ikiwa sababu iliyoizaa tajriba ingeizaa vilevile hata kama Mungu asingekuwapo, basi tajriba hiyo haitusaidii kubaini kama yupo. Kipimajoto kinachosoma nyuzi 40 daima, kuwe na baridi au joto, huenda leo kimepatia, lakini hakituambii hali ya hewa. Hii ndiyo sababu ya nne ya Swinburne ikirudi kwa nguvu. Inampunguzia nguvu mtu ambaye tajriba yake ina chanzo kinachojulikana cha aina hiyo. Haimgusi kwa kiwango hichohicho Pascal, ambaye hatuna habari ya chanzo kama hicho usiku ule.

Mashahidi wasioafikiana

Ugumu ambao mimi naona ni mkubwa kuliko wa ubongo ni huu. Teresa anasimulia muungano wa upendo na Nafsi nyingine. Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu, anafundisha kwamba nafsi ya ndani kabisa na Brahman, yaani uhalisi wa mwisho, si vitu viwili. Wabudha wengi wanaeleza kwamba kilichofunuliwa ni kutokuwapo kwa nafsi. Mashahidi watatu wakieleza tukio moja kwa namna tatu zinazopingana, hakimu huwa mwangalifu.

Mwanafalsafa Walter Stace, mwaka 1960, alijibu kwamba kiini ni kimoja, umoja usiogawanyika, na tofauti huja katika tafsiri. Mwanafalsafa Steven Katz, mwaka 1978, alimpinga, akisema kwamba hakuna tajriba isiyopitia lugha na mafundisho ya mhusika: Myahudi hapati tajriba ya Kibudha akaipa jina la Kiyahudi, bali hupata ya Kiyahudi tangu mwanzo. Anayechagua kati yao analipa gharama kila upande. Ukimfuata Stace unapata mashahidi wengi wanaokubaliana, lakini walichokubaliana ni chepesi mno kuibeba dini yoyote mahususi. Ukimfuata Katz unabaki na maudhui mazito, lakini umati wa mashahidi umetawanyika. Alston alikiri kwamba wingi wa dini unapunguza haki ya mtu kuitegemea desturi yake, ingawa hauifuti, na hilo ndilo ninaloliona kuwa jibu la uaminifu. Maana yake ni kwamba kadiri dai linavyokuwa na mambo mengi, ndivyo tajriba peke yake inavyoshindwa kulibeba. "Nilikuwa mbele ya kitu kitakatifu kilicho kikuu kuniliko" inaweza kusimama. "Nilifunuliwa kwamba mafundisho ya kundi letu ni sahihi katika kila kipengele" haisimami.

Kuchagua kulingana na mahali ulipo

Kama tajriba imekupata wewe mwenyewe, chagua msimamo wa utambuzi, ukiwa umebeba taa ya Teresa. Huna wajibu wa kuikana kwa sababu jirani haikumpata. Una wajibu wa kujiuliza ulikuwa umelala vya kutosha, ulikuwa mgonjwa, ulikuwa katika majonzi makali, ulitumia dawa gani, na kama ulichofunuliwa ni kilekile ulichokuwa ukikitamani sana. Mengi ya maswali haya yanafaa kuulizwa na mtu mwingine unayemwamini, kwa kuwa aliye ndani ya furaha hajioni vizuri. Na kama hali hiyo inakuamuru kujidhuru au kumdhuru mwingine, au inakuondolea usingizi siku baada ya siku, usingoje falsafa, mwone daktari.

Kama wewe ni msikilizaji tu, James yuko sahihi kwamba tajriba ya mwingine haikufungi. Hata hivyo tunajua mambo mengi kwa kuambiwa, na mtu mkweli, mwenye akili timamu, asiyetafuta faida, anapokueleza kilichompata, ushuhuda wake ni ushahidi, japo ni mdogo kuliko alionao yeye. Usichanganye kukosa wajibu wa kuamini na kuwa na haki ya kudhihaki. Na akikuambia kwamba Mungu amemwagiza akuongoze wewe, akupangie mali yako au akuchagulie mwenzi, mpime kwa kanuni ya Clifford bila huruma, kwa sababu sasa hasemi tena habari zake mwenyewe.

Kama hujapata tajriba hiyo na unaitamani, hoja ya Ghazali inakuhusu kuliko nyingine zote, maana inakukataza kulitolea hukumu ya mwisho jambo ambalo hujalionja. Inakupa ruhusa ya kutafuta. Haikupi ruhusa ya kuiacha akili mlangoni, na Ghazali mwenyewe hakuiacha: anasimulia kwamba alisoma kwanza vitabu vya masufi mpaka akajua kila kinachoweza kujulikana kwa kusoma, ndipo akaondoka.

Pascal naye aliishi karibu miaka minane baada ya usiku ule. Katika muda huo aliandika maelezo mengi kwa ajili ya kitabu cha kuitetea imani yake, akapanga hoja kuhusu ukuu na unyonge wa binadamu, kuhusu unabii, kuhusu dau ambalo kila mtu analiweka apende asipende. Katika maelezo hayo hakuutumia usiku ule kama hoja dhidi ya msomaji wake. Karatasi ilibaki ndani ya bitana.